AFYA YA JAMAA: Wengi wakiugua, nani atajua kuwa ni ugonjwa?

Leo twaleta mbele yenu swali ambalo kwanza laonekana jepesi. Katika kijiji ambamo karibu watoto wote wana tongo machoni, nani atasema kwamba mtoto fulani ni mgonjwa? Mama amwamsha mwanawe asubuhi, aona kope zimegandamana na inzi wamekaa pembeni mwa jicho. Amtazama mtoto wa jirani, naye yu vivyo hivyo. Amwuliza bibi, naye bibi ajibu: «Hata wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa hivyo, na ndugu zako kadhalika.» Basi mama atulia, ashika jembe na kwenda shambani. Hakumpuuza mwanawe. Amefanya yale ambayo kila mtu mwenye akili hufanya, yaani amelinganisha. Lakini wote aliowalinganisha naye wanaugua.

Ugonjwa unaomwangusha mtu mmoja katikati ya wazima huonekana siku ileile. Bali ugonjwa uliowapata wengi, tena polepole, tena tangu enzi za mababu, hujificha mahali pa wazi. Kwa mtoto watu huuita utoto, na kwa mkubwa huuita uzee. Njia ya kuufichua ni moja: kwenda nyumba kwa nyumba, kutazama jicho kwa jicho, na kuandika hesabu. Twataka kuwaonyesha jinsi hesabu hiyo ilivyofanywa katika nchi moja kubwa ya Afrika, na faida iliyozipata jamaa kwa kuhesabiwa.

Trakoma ni nini?

Ugonjwa tunaousema huitwa trakoma. Penginepo huitwa vikope. Si kila jicho jekundu lina trakoma, kwani vumbi, moshi, surua na maradhi mengine huwasha macho pia. Trakoma huletwa na kijidudu kidogo mno, ambacho wataalamu wawili, Halberstaedter na von Prowazek, walikieleza mara ya kwanza mwaka 1907, walipokuwa katika kisiwa cha Java. Kijidudu hicho hukaa katika tongo za macho na makamasi ya watoto wadogo. Hupita kwa vidole, kwa shuka la pamoja, kwa pembe ya kitenge ambayo mama hufutia nyuso za watoto wote mmoja baada ya mwingine, na kwa miguu ya inzi. Naye inzi huyu apendaye macho ana tabia inayofaa kujulikana: hutaga mayai yake hasa katika mavi ya watu yaliyoachwa juu ya ardhi, wala si katika shimo la choo.

Kijidudu kikiingia, ngozi laini iliyo ndani ya ukope wa juu huvimba, na vipele vidogo vyeupe hutokea. Mtoto huweza kupona, kisha hushikwa tena, na tena. Kushikwa mara nyingi huacha makovu. Nalo kovu, kama tujuavyo sote, huvuta ngozi. Miaka hupita, ukope huanza kupinda kuelekea ndani, na zile nywele zilizopaswa kulilinda jicho sasa hulikwaruza. Kila mara mtu apepesapo, nywele husugua kioo cha mbele cha jicho, na maumivu yake ni kama ya mchanga usiotoka. Mwishowe kioo hicho hufanya ukungu mweupe, nuru haipiti tena, na upofu huo haurudi nyuma.

Angalieni basi: ugonjwa huanza katika mtoto na kumaliza kazi yake katika mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 mwenye tongo, na bibi yake asiyeona, hulala chini ya paa moja, wala hakuna mtu nyumbani afikiriye kwamba ugonjwa wao ni mmoja. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya ugonjwa huu kutoonekana. Wengi wanao, tena mwanzo wake uko mbali na mwisho wake.

Nchi nzima yahesabiwa

Ethiopia, nchi iliyoitwa zamani Uhabeshi, ilijulikana tangu siku nyingi kuwa na vipofu wengi. Lakini kujua kwamba wako wengi si kujua ni wangapi, wala wako wapi, wala kwa nini. Katika mwaka 2005 na 2006 watumishi wa afya walizunguka nchini humo, wakachagua vijiji kwa utaratibu kama wa kura, wakapima macho ya watu zaidi ya 25,000.

Hesabu iliyotoka yatutia huzuni, ila yafaa kuisoma polepole. Kati ya watoto 100 wenye umri wa mwaka 1 hadi 9, 40 walikuwa na trakoma iliyo hai, yaani uvimbe na vipele ndani ya ukope. Maana yake, katika jamaa yenye watoto watano wa umri huo, kwa kadiri wawili walikuwa wagonjwa. Kwa nchi nzima, hesabu hiyo ilikuwa sawa na watoto zaidi ya milioni 9. Kati ya watu wazima, 3.1 kwa 100 walikuwa wamefika hatua ile ya nywele kukwaruza jicho. Nao walikadiriwa kuwa watu wapata milioni 1.3. Vipofu walikuwa 1.6 kwa kila watu 100. Karibu nusu yao walipofuka kwa mtoto wa jicho, na sababu ya pili ilikuwa ni trakoma.

Kuna hesabu moja zaidi ambayo hatuna budi kuiweka peke yake. Katika wanaume, walioteswa na nywele za kope walikuwa 1.6 kwa 100. Katika wanawake walikuwa 4.1. Jicho la mwanamke si dhaifu kuliko la mwanamume. Sababu yaonekana katika kazi zake. Ni yeye ambebaye mtoto, amfutaye makamasi, alalaye karibu naye usiku. Na msichana mdogo, kabla hata hajaolewa, huwalea wadogo zake. Mtoto aliyepona leo huambukizwa kesho na mwenzake, na mwanamke hukaa katikati yao miaka yote, akipokea ugonjwa uleule mara nyingi mno. Malezi anayowapa wengine ndiyo humletea makovu.

Wanawake wengi huko hawakungoja mganga. Kila jamaa huweza kuwa na kibanio kidogo cha chuma, na jirani humng'olea jirani nywele zinazomchoma. Nafuu huja kwa siku chache. Kisha nywele huota tena, fupi na ngumu, na maumivu hurudi.

Wastani huficha mengi

Huenda mtu atasema: «Basi twajua sasa, ni 40 kwa 100, leteni dawa.» Lakini hesabu ya nchi nzima haitoshi. Waganga wakiambiwa kwamba joto la wagonjwa wawili, likijumlishwa na kugawanywa, ni la kadiri, hawajui ni yupi anayeungua na yupi aliye mzima. Vivyo hivyo na nchi. Katika miji ya Ethiopia hesabu ya watoto wenye trakoma hai ilikuwa kama 10.7 kwa 100. Katika vijiji ilikuwa 42.5. Katika jimbo la Amhara, huko kaskazini, ilifika 62.6, yaani mtoto mgonjwa ndiye wa kawaida na mtoto mzima ndiye wa pekee. Katika Oromia ilikuwa 41.3, na katika Gambella, upande wa magharibi, 19.1.

Kwa hiyo kazi ikaanza upya, safari hii wilaya kwa wilaya. Mwezi wa Desemba 2012, katika jimbo hilohilo la Oromia, ilianza kazi kubwa ya kuchora ramani ya trakoma ulimwenguni. Ilikwisha mwezi wa Januari 2016. Katika muda huo watu milioni 2.6 walipimwa katika nchi 29, katika wilaya zaidi ya 1,500. Wataalamu husema kwamba hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza uliowahi kupimwa kwa ukubwa kama huo.

Jinsi wanavyohesabu

Yafaa tujue kazi hii yafanywaje, kwani siku moja huweza kufika mlangoni petu. Kongo nayo imo katika hesabu ya nchi ambazo zina trakoma, nazo kanda kadhaa za afya zimekwisha kupimwa.

Kwanza huchaguliwa wilaya yenye watu wapata 100,000 hadi 250,000. Ndani yake huchaguliwa vijiji, na ndani ya kila kijiji nyumba, kama 30 hivi. Nyumba hazichaguliwi kwa urafiki wala kwa sababu watu wake wamelalamika. La sivyo hesabu ingekuwa ya uongo. Mpimaji huja pamoja na mwandishi. Hufungua mikono yake na kuisafisha, huvaa miwani inayokuza, hugeuza ukope wa juu wa kila mtu kwa upole, hutazama, kisha husafisha mikono tena kabla ya kumshika mwingine. Akiona vipele vitano au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita, katikati ya ngozi ile ya ndani, humwambia mwandishi kwamba alama ipo. Alama hizo zilikubaliwa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 1987, zikafanywa nyepesi makusudi ili hata mwuguzi wa kijijini aweze kuzitambua. Kabla ya kupewa kazi, mpimaji mwenyewe hupimwa: majibu yake hulinganishwa na ya mtaalamu, na asipokubaliana naye vya kutosha, hapewi kazi hiyo.

Kisha huuliza: maji mwayateka wapi, na ni mwendo wa muda gani? Choo kipo? Mara nyingi majibu ya maswali haya mawili huyaeleza macho kuliko macho yenyewe.

Watoto huhesabiwa tangu mwaka 1 hadi 9, kwa sababu ndani yao ndimo kijidudu kinamokaa zaidi. Watu wazima huhesabiwa tangu miaka 15, kwa sababu kovu huhitaji miaka mingi kupinda ukope. Hesabu ya watoto hutuonyesha moto ulio hai sasa. Hesabu ya wazee hutuonyesha mahali moto ulipopita zamani.

Hesabu huamuru dawa

Hapa ndipo twaona kwamba hesabu si maneno ya karatasi tu. Kanuni yasema: katika wilaya ambamo watoto wenye vipele ni 10 kwa 100 au zaidi, dawa hupewa watu wote, wagonjwa na wazima pamoja, kila mwaka, kwa miaka kadhaa kufuatana na uzito wa hesabu. Mtu mmoja akitibiwa peke yake katika nyumba ya wagonjwa, huweza kuambukizwa tena upesi. Dawa yenyewe ni azitromisini, na mtu huimeza mara moja tu. Kampuni ya Pfizer imeitoa bure kwa kazi hii tangu mwisho wa miaka ya 1990. Watoto hawapimwi kwa mizani. Husimama karibu na fimbo yenye alama, na kimo chao huonyesha kipimo cha dawa. Watoto wachanga wasiofika miezi 6 hutiwa mafuta ya tetrasiklini machoni.

Kwa wale ambao nywele zimekwisha kugeuka, dawa ya kumeza haitoshi. Hao hupasuliwa ukope ili ugeuzwe nje. Kazi hiyo haingoji mganga mkubwa wa mjini. Huko Ethiopia wauguzi waliofundishwa huifanya katika vituo vya afya vya wilaya. Haimrudishii mtu nuru iliyokwisha kupotea, ila huyaondoa maumivu na kulinda nuru iliyobaki.

Matunda yapo. Mwaka 2002 ilikadiriwa kwamba watu milioni 1,500 waliishi katika mahali pa hatari ya trakoma. Mwaka 2022 walikuwa milioni 125. Mwaka 2018 Ghana ilithibitishwa kuwa imeondoa ugonjwa huu usiwe tena taabu ya taifa. Malawi ilifuata mwaka 2022. Kuondoa hapa hakumaanishi kwamba hakuna hata mgonjwa mmoja. Maana yake watoto wenye vipele wawe chini ya 5 kwa 100 katika kila wilaya, na watu wazima wenye nywele za kukwaruza, ambao wauguzi hawajawafahamu bado, wawe chini ya 2 kwa 1,000.

Nasi tulio jirani na Burundi tuna mfano wa karibu. Kabla ya mwaka 2007 nchi hiyo haikuwa na hesabu yoyote ya trakoma. Kwa maandishi ya serikali, ugonjwa ulikuwa kama haupo. Mwaka 2009 na 2010 watu walipimwa, na ikaonekana kwamba upo. Dawa na mafundisho vikapelekwa katika wilaya 12 za afya, na mwezi wa Julai 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni likathibitisha kwamba Burundi imeuondoa usiwe taabu ya taifa. Kati ya siku ya kuhesabu na siku ya kushinda ilipita miaka kama 15. Ni umri wa mtoto aliyezaliwa wakati wa hesabu ya kwanza, na sasa aweza kusoma kitabu chake bila tongo.

Mahali ambapo moto bado wawaka

Ethiopia yenyewe haijafika. Mwaka 2022, zaidi ya nusu ya watu wote duniani waliohitaji dawa ya trakoma walikuwa katika nchi hiyo moja. Katika sehemu kadhaa za Amhara dawa imemezwa karibu kila mwaka kwa miaka kumi na zaidi, hesabu imeshuka, lakini haijashuka ya kutosha. Kisha vita vilivyoanza Tigray mwezi wa Novemba 2020 vilifunga hospitali nyingi na kukatiza kazi.

Tena kuna fundisho gumu lililotoka huko. Katika wilaya kavu za Wag Hemra, katika Amhara, wataalamu walichimba visima, wakafundisha watu kunawa nyuso na kujenga vyoo, wakangoja miaka mitatu pasipo kugawa dawa. Kijidudu hakikupungua kama walivyotumaini. Je, tuseme kwamba maji na choo ni bure? Hapana. Nchi nyingi za dunia, za Ulaya pia, ziliachwa na trakoma kadiri nyumba na maji vilivyokuwa bora, hata kabla dawa hizi hazijatengenezwa. Ila ilichukua miaka mingi. Mahali ambapo watoto 60 kwa 100 wanaugua, maji peke yake huenda polepole mno, na dawa peke yake husahauliwa na kijidudu mara igawiwapo. Vyahitaji kwenda pamoja, na kwa muda mrefu.

Yaliyo juu yetu

Ninyi akina mama, mtazameni kila mtoto uso asubuhi, mkaunawishe kwa maji, hata kama ni machache. Kikombe kimoja chatosha uso mmoja. Kila mtoto awe na kitambaa chake, au afutwe kwa mkono ulionawa. Ninyi akina baba, chimbeni choo, mkakifunike, kwani inzi wa macho hana mahali pa kutagia pale ambapo ardhi ni safi. Na kama mama yenu mzee hujifuta machozi mchana kutwa, hukimbia mwanga wa jua, au huomba wajukuu wamng'olee nywele za kope, msiseme ni uzee. Mpelekeni kwa mwuguzi agewuzwe ukope wake kabla ukungu haujafunga jicho.

Tena siku wapimaji watakapobisha hodi, msiwafiche watoto kwa haya, wala msiwaoshe kwanza ili nyumba ionekane njema. Mtoto mmoja aliyefichwa huipunguza hesabu ya wilaya nzima, na pengine dawa itapita kando kwa ajili ya hesabu hiyo. Mwiteni na bibi kutoka jikoni, aliyezoea kuachwa nyuma. Naye ni mmoja wa wanaohesabiwa.